Rozari Tatu na Nusu Hadi Ziwani

Inspekta Ladislaus alikuwa amepongezwa mara tatu kabla ya chai ya saa nne, na kila pongezi ilimkwama Sajenti Hildegardi kooni kama mwiba wa samaki. Mkuu wa upelelezi alimpiga Ladislaus begani. Askari wa kaunta alimwita mashine. Hata mama anayeleta maandazi pale kituo cha polisi Mbinga alimwongezea moja la bure, akasema kazi yake imeonekana hadi sokoni. Hildegardi alilipia andazi lake akatazama pembeni. Tuseme ukweli tu, alikuwa na wivu. Wivu si sifa ya kujivunia kwa askari, lakini una faida yake moja: mwenye nao hatulii mpaka apate kasoro kwenye kazi ya mwenzake.

Tatizo ni kwamba kazi ya Ladislaus haikuonekana kuwa na kasoro.

Jumapili iliyopita, watu wakiwa misa ya pili kule ufukoni karibu na Mbamba Bay, ghala la nyasi la dada mmoja mfanyabiashara aitwaye Albina liliteketea. Magunia yote ya usipa wake, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, waliokwisha kaushwa wakisubiri kupandishwa Mbinga sokoni, yalikwenda na moto. Lakini si usipa tu. Ndani ya ghala alikuwamo mdogo wake, Stephano, amejinyoosha juu ya magunia baada ya kuvua usiku kucha. Alitoka hai. Mgongo na mikono viliungua vibaya, na sasa alikuwa amelazwa hospitali ya Litembo, akilalia tumbo.

Mahabusu alikuwa Pankras, dereva bodaboda wa Mbinga mjini na mchumba wa Albina. Sababu ya kumkamata aliitoa mwenyewe kwa kinywa chake. Wiki moja kabla ya moto alisimama kijiweni, mbele ya madereva wenzake, akamwambia Albina aliyekuwa anahesabu magunia: "Hao usipa nitawachoma moto, tuone utaahirisha harusi kwa kisingizio gani tena." Watu walicheka. Baada ya moto, hakuna aliyecheka.

Kulikuwa na suala la muda. Moto ulianza saa nne, padre akiwa kwenye mahubiri. Pankras alionekana Mbinga mjini watu wanatoka misa ya kwanza, saa tatu kasoro robo hivi. Ni nani anayeweza kutoka Mbinga, akashuka kona zote zile za milimani, akafika ziwani na kuwasha moto kwa muda huo? Uliza muuza vocha, uliza katekista, uliza mtoto wa chekechea: wote watakujibu ni Radi. Radi ndiyo pikipiki ya Pankras. Ilikuwa imetolewa matumbo ya ekzozi yanayomeza mlio, na ikiwashwa sokoni kuku wa stendi walitawanyika.

Ladislaus aliunganisha vitu viwili hivyo, kauli na pikipiki, akapata mtu wake kabla jua la Jumatatu halijazama. Kesho asubuhi angempeleka mahakamani.

"Na huyu Cleopa?" Hildegardi aliuliza, akipangusa mafuta ya andazi vidoleni.

"Cleopa nini?"

"Naye ni bodaboda. Naye aliondoka mjini saa ile ile. Naye alimbeba Albina na kumtaka kabla ya Pankras, mpaka leo akimwona anameza mate."

Ladislaus alicheka. "Sajenti, Cleopa ana pikipiki wanayoiita Bibi. Bibi! Haina sauti, haina mbio. Halafu alikuwa na abiria toka mwanzo hadi mwisho, mama mtu mzima, mcha Mungu. Wamefika ziwani saa tano, ghala limeshakuwa majivu. Yule mama yupo nje, amekuja kuweka dole gumba kwenye maelezo yake. Mchukue wewe, mimi nina kikao."

Alisema "mchukue wewe" kama mtu anayemtupia mwenzake kichwa cha samaki baada ya kula mnofu. Hildegardi alikimeza kimyakimya, akatoka.

Mama Tereza alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, kanga mbili, viatu vya plastiki, rozari ya mbegu imezungushwa mkononi. Alikuwa ametoka Namswea kwa mguu hadi barabarani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mtanichelewesha? Nina mahindi nimeyaanika."

"Hatutachelewa. Nataka tu unieleze ile safari ya Jumapili kwa maneno yako, nilinganishe na yaliyoandikwa."

"Si nilimwambia yule bwana mkubwa? Nilikwenda kumsalimia binti yangu kule ziwani, kajifungua. Nikapanda kwa Cleopa mjini, misa ya kwanza ilipotoka. Kijana mzuri, ana adabu. Lakini ile pikipiki yake, mwanangu!" Alitikisa kichwa. "Unakaa kama uko benchi la kanisani. Haikurushi, haipigi kelele. Nikajisemea, leo tutafika jioni. Tulipofika mwenyewe akaniomba radhi, akasema, 'Mama, samahani, nimekuchelewesha, saa tano hii.'"

"Saa uliiona mwenyewe?"

"Saa niione wapi? Sina saa, sina simu. Aliniambia yeye, na mimi nilikuwa naona kweli tumechelewa."

"Uliwahi kupanda Radi?"

"Ya yule mwenda wazimu?" Mama Tereza alipiga ishara ya msalaba. "Mwezi uliopita, safari ile ile, mpaka mlangoni kwa binti yangu. Ile ilipaa! Ukiondoka tu shingo inabaki nyuma. Nilimkamata mtoto wa watu kiunoni mpaka kucha zikamwingia. Niliposhuka miguu haikunibeba."

"Sasa njiani ulikuwa unafanya nini? Mnazungumza?"

"Naongea na dereva ili atuue? Mimi nikishuka zile kona nasali rozari. Siku zote."

Hildegardi alikuwa ameshafungua wino wa dole gumba. Akaufunga tena. Mama yake mwenyewe alikuwa hivyo. Alipima muda wa kuchemsha mayai kwa Salamu Maria na hayakuwahi kupitiliza.

"Jumapili, kwa Cleopa, ulisali ngapi?"

"Nilianza pale tunapoondoka. Matendo ya furaha, rozari nzima, nikaja mwanga, nikaja uchungu. Ya nne, utukufu, nilifika tendo la tatu kati ya matano, Roho Mtakatifu anawashukia Mitume, Cleopa akasimama. Nikamalizia barazani kwa binti, kwa sababu wenyewe walikuwa bado kanisani na mtoto; habari za moto waliniletea wao."

"Na kwa Radi?"

"Aa, kwa Radi nilizimaliza zote nne. Nikasoma na litania ya Mama Maria. Nikaanza tena furaha."

Aliyasema hayo bila kushtuka, kwa sababu kwake rozari ilikuwa sala, haikuwa saa. Hildegardi alitia wino mfukoni. Kisha akamwuliza kama angependa chai.

*

"Rozari," alisema Ladislaus. Kikao chake kilikuwa kimeisha. "Unataka nimwachie mtuhumiwa kwa sababu ya rozari."

"Kwa Radi alisali nyingi zaidi. Maana yake Radi ilichukua muda mrefu zaidi. Na barazani aliwasubiri watu watoke kanisani. Kama alifika saa tano kweli, misa si ilikuwa imeshavunjika kwa ajili ya moto?"

"Wengine walikwenda kuzima, wengine walibaki kulia. Na kwa Radi alisali mbio kwa hofu! Hata mimi ningesali mbio. Mtu anayeogopa kufa hasemi Salamu Maria polepole, Sajenti."

Hilo lilimuuma Hildegardi, kwa sababu lilikuwa na akili. Mtu akiogopa huharakisha. Huenda Mama Tereza alizimaliza rozari zote kwenye Radi kwa ulimi uliokuwa unakimbia kuliko magurudumu.

"Na hakuna aliyesikia Radi ufukoni," Hildegardi aliongeza. "Pikipiki inayotawanya kuku."

"Aliizima mbali akaisukuma." Ladislaus alichukua kofia yake. "Usiwe na wivu, dada yangu. Kesi inayofuata utaipata wewe."

Ukitaka kumchokoza mwenye wivu, mwambie asiwe na wivu. Hildegardi alikwenda moja kwa moja mahabusu.

Pankras aliletwa chumba cha mahojiano akiwa peku, mkanda umechukuliwa, mkono mmoja umeshika suruali. Hata hivyo aliketi kwa kutanua miguu, kama yuko juu ya tanki la mafuta.

"Jumapili ulipotoka misa ya kwanza ulikwenda wapi?"

"Namswea, kwa baba mdogo. Nilifuata mahindi."

"Ulimkuta?"

"Sikumkuta mtu. Wote walikuwa kanisani. Nikasubiri, nikachoka, nikarudi."

"Kwa hiyo huna shahidi."

"Sina."

"Kwa nini ulisema utachoma usipa?"

Pankras aliinamisha uso. "Wivu, afande. Harusi imeahirishwa mara mbili kwa sababu ya usipa. Nikaona hao samaki anawapenda kuliko mimi. Nilisema tu. Mtu akisema atamuua mkewe kwa kuchelewesha ugali, anaua?"

"Sikiliza vizuri swali hili. Kutoka Mbinga hadi ufukoni, uondoke misa ya kwanza inatoka, ufike kabla ya saa nne. Radi inaweza?"

Hapa mtu yeyote mwenye akili timamu angesema haiwezi. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi, na Hildegardi alikuwa ameushikilia kwa mikono miwili.

"Radi?" Pankras alinyoosha mgongo. "Radi inaweza. Inaweza na muda wa kunywa soda unabaki."

"Unajua unachosema?"

"Nasema ukweli. Hakuna pikipiki inayoigusa Radi wilaya hii. Uliza kijiweni. Tukishindana kutoka kijiweni hadi kona ya duka la pembejeo, wenzangu wanakula moshi."

"Hiyo Bibi ya Cleopa je?"

Alisonya kwa dharau. "Bibi ni bibi."

Hildegardi alimrudisha mahabusu, akiwa amekasirika kwa niaba yake. Alikuwa amekutana na watu waliojipeleka jela kwa pombe, kwa wanawake, kwa ujinga. Huyu angekuwa wa kwanza kujipeleka kwa sifa ya pikipiki.

*

Koplo Erasmo alikuwa dereva wa kituo, mtu mzito wa maneno, na aliendesha kila kitu kwa namna moja. Ndiyo maana Hildegardi alimchagua. Walikwenda na pikipiki zote mbili barabara ya ziwani, nje ya mji. Bibi waliiazima kwa Cleopa kwa maelezo kwamba ni ukaguzi wa kawaida, naye akaitoa haraka, akitabasamu, akisema, "Msitarajie makubwa, afande. Ni kikongwe."

Walichagua kipande chenye mlima kidogo, mteremko na unyoofu mrefu, kati ya vibao viwili vya kilomita vilivyoachana mbali. Hildegardi alikaa nyuma kama abiria, simu mkononi, saa ya kupimia imefunguliwa. Alimwambia Erasmo aendeshe kwa nguvu zote za pikipiki, lakini asibadilishe namna yake.

Radi ilianza. Erasmo alipoachia klachi, kiti kilimkimbia Hildegardi chini ya makalio. Shingo ilirudi nyuma, kofia ngumu ikagonga, moyo ukapanda mdomoni. Mlio ulimwingia hadi kwenye magego. Pedali zilitetemeka, mabega ya Erasmo yalitetemeka, milima yenyewe ilitetemeka. Aliona anakufa, na aliona anakufa kwa kasi kubwa. Walipofika kibao cha pili alibonyeza simu kwa kidole kilichokufa ganzi.

"Hii ni ndege," alisema akishuka.

Erasmo aliiegesha Radi. Akawasha Bibi.

Bibi iliondoka kama mtu anayeaga msibani. Hapakuwa na kurushwa. Hildegardi alisikia upepo tu na mnyororo ukiimba chini chini. Mashamba ya kahawa yalipita, mama mwenye ndoo alipita, na yeye akawa anawaza kama dagaa aliowaacha nyumbani wamefunikwa. Nusu ya njia alimpiga Erasmo begani, "Nimesema nguvu zote!" Erasmo akapaza sauti, "Ndizo hizi!" Kibao cha pili kikatokea. Alibonyeza simu akipiga mwayo.

Kisha akatazama.

Alifikiri simu imekosea. Akamwambia Erasmo warudie. Wakarudia, wakabadilishana mwelekeo, wakarudia tena mpaka mbuzi wa pembeni wakawazoea. Kila mara ilikuwa hivyo hivyo. Mwanzoni kabisa, hadi kwenye kalvati la kwanza, Radi ilitangulia kidogo. Baada ya hapo Bibi iliimeza, na kwenye kibao cha pili Radi ilikuwa nyuma kwa muda wa kutosha mtu kusali Baba Yetu na Salamu Maria tatu bila haraka. Hayo yalikuwa kwenye kipande kile tu. Hadi ziwani vipande vya namna ile ni vingi.

Hildegardi aliketi juu ya jiwe, akaachia mwili utulie. Mwili wake ulikuwa umemwambia jambo moja na simu jambo jingine, na ni mwili uliodanganya. Mwili haupimi safari. Unapima kile kishindo cha kuanza, kelele, mtikisiko na hofu, halafu unavijumlisha na kuviita mbio. Mbinga nzima ilikuwa imejumlisha hivyo. Na madereva nao, tangu lini walishindana zaidi ya kijiweni hadi kona ya duka la pembejeo? Hiyo ndiyo nafasi fupi ambayo Radi ilikuwa inashinda kweli.

"Erasmo, kwa nini inaruka halafu inachoka?"

Koplo aliinama nyuma ya Radi, akaonyesha kwa kidole gurudumu la meno linalovutwa na mnyororo, ile spoketi ya nyuma. Lilikuwa kubwa kama sahani. La Bibi lilikuwa kama kisosi.

"Aliyebadilisha anajua kwa nini," alisema.

*

"Nani alibadilisha spoketi ya nyuma?" Hildegardi alimwuliza Pankras jioni ile, mlango umefungwa.

Kwa mara ya kwanza kijana alikunja miguu yake ndani.

"Pankras, Stephano analala kifudifudi Litembo. Watu wanasema ni wewe uliyemchoma. Kesho utasimama mbele ya hakimu. Nani alibadilisha?"

"Mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Msimu wa kahawa. Nabeba magunia kutoka kwenye vilima vya Litembo, pikipiki ya kawaida inashindwa kupanda. Ukiweka spoketi kubwa inapanda hata ukutani."

"Na kwenye lami?"

"Afande..."

"Kwenye lami?"

"Kwenye lami inalia tu." Alijifuta uso kwa kiganja. "Inalia mpaka mwisho wa gia, haiongezi. Nikatoa matumbo ya ekzozi ili watu wasijue. Wakaanza kuiita Radi. Ningefanyaje? Niwaambie ni debe? Albina anatoka ziwani anasikia watu wanasema mchumba wake ndiye mwenye mbio Mbinga nzima. Wewe ungewaambia?"

"Ili nisifungwe? Ningewaambia."

"Wewe si bodaboda," alisema Pankras.

Hildegardi alikuwa sasa na rozari, simu na spoketi. Vyote vilimwondoa Pankras barabarani, na vyote vilimweka Cleopa ufukoni mapema. Lakini hakuna kilichomwonyesha Cleopa akiwa na kiberiti mkononi. Ladislaus angesema kufika si kuchoma, na angekuwa sahihi, na Hildegardi alichoka kumwona akiwa sahihi. Alihitaji Cleopa aseme mwenyewe. Alijiuliza ni kitu gani kingemfanya mtu kama huyo aseme. Hakuhitaji kwenda mbali. Alikumbuka lile andazi la bure na wivu wake mwenyewe.

*

Asubuhi, kabla ya gari la mahakamani, aliwaita watu uani mwa kituo. Madereva wachache wa kijiweni walisimama karibu na ukuta. Mama Tereza alipewa kiti. Albina alikuja kutoka Litembo alikolala kwa mdogo wake, macho mekundu, chombo cha chakula mkononi. Alikuwa amekataa kuja kumwona Pankras tangu Jumatatu. Jana Hildegardi alimpigia simu akamweleza habari za spoketi, na leo alikuja na ugali. Ladislaus alisimama mlangoni, mikono imefumbatwa, akingoja kuona aibu ya mtu.

Cleopa alifika wa mwisho, shati limepigwa pasi.

"Ni jambo dogo," alisema Hildegardi. "Maelezo ya Cleopa yanamwondoa kwenye kesi hii, lakini mahakama itataka yawe wazi. Nataka ayarudie mbele ya wenzake wanaozijua pikipiki. Cleopa, Jumapili ulifika ziwani saa ngapi?"

"Saa tano, afande."

"Hukuweza kufika mapema?"

"Sikuweza."

"Kwa nini?"

"Pikipiki yangu ni nzito."

"Sema ili wasikie. Bibi haiwezi kuifuata Radi."

Madereva walianza kuchekacheka. Mmoja akasema, "Hilo halihitaji mahakama!" Cleopa alitabasamu nusu.

"Bibi haiwezi... haiwezi kuifuata Radi."

"Hata kwa mbali?"

Wakati huo Pankras alikuwa ametolewa akasimamishwa kando ya mlango, pingu mikononi. Albina alikwenda kwake bila kumtazama mtu mwingine. Alifungua chombo, akakata tonge, akachovya kwenye mchuzi, akamlisha mwenyewe kwa sababu mikono yake ilikuwa imefungwa. Tonge la pili lilidondosha mchuzi kidevuni, akaupangusa kwa ncha ya kanga.

Cleopa aliliona tonge. Aliiona na kanga.

"Hata kwa mbali?" Hildegardi alirudia taratibu.

"Radi!" Cleopa alifoka, na sauti ilimpanda kama iliyofungiwa miezi. "Radi gani? Ile debe? Mnacheka nini nyie? Tangu lini mmetoka na mimi nje ya mji? Mara ngapi nimempita huyu barabara ya ziwani na gunia mbili nyuma! Jumapili mimi nilikuwa nimeshagusa maji ya ziwa, angekuwa yeye angekuwa bado anapigia kelele kona za milimani!"

Hakuna aliyecheka tena.

"Jumapili," alisema Hildegardi, "uligusa maji ya ziwa saa ngapi?"

Cleopa alifungua mdomo. Akamtazama Mama Tereza.

"Mwanangu," alisema yule mama, rozari imesimama kati ya vidole, "uliniambia ni saa tano. Uliniomba na radhi."

Ladislaus alifumbatua mikono yake pale mlangoni, akaiweka mifukoni.

"Sikujua Stephano yumo," Cleopa alisema hatimaye. Aliongea na ardhi. "Naapa sikujua. Nilisikia Pankras anasema atachoma. Nikajua usipa wakiungua, watu watamfikiria yeye. Nilitaka usipa tu. Nilitaka Albina amwone huyu ni mtu wa namna gani."

Erasmo alimfungua Pankras pingu, akazihamishia kwa Cleopa. Zilikuwa bado na joto la mwenzake. Hildegardi alimtazama Ladislaus, akingoja ile furaha aliyoitamani tangu juzi. Ilikuja, lakini ilikuwa ndogo kuliko alivyofikiri, na ilipita upesi.

Pankras alisugua vifundo vya mikono. Jambo la kwanza alilomnong'oneza Hildegardi lilikuwa hili: "Afande, ule muda mliopima utasomwa mahakamani?"

"Utasomwa wote."

Alifumba macho kama aliyehukumiwa. Kisha akamgeukia Albina. "Nilikuwa nataka kukuambia kuhusu pikipiki."

"Kwamba haikimbii?" Albina alifunika chombo. "Najua. Nauza usipa sokoni, Pankras. Anayefika kwanza ndiye anayepata bei. Kila nikija na wewe nakuta wenzangu wameshauza, wanafagia."

Cleopa aliinua kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza Albina kusema kitu kinachomhusu, hata kama hakumtaja.

"Ulijua?" aliuliza. "Ulijua yangu ndiyo inayokimbia?"

Albina alimgeukia. Hakuwa na hasira usoni. Hasira alikuwa ameimaliza kando ya kitanda cha Stephano.

"Siku zote nilijua. Wewe ulinifikisha soko halijafunguliwa."

"Sasa kwa nini ulihamia kwake? Watu walisema umefuata mbio. Usiku na mchana nawaza mbio, mbio, mbio! Kwa nini?"

"Kwa sababu nikipanda kwako nilikuwa nataka tu kufika. Kwake nataka njia isiishe."

Alijifunga kanga vizuri, akachukua chombo chake, akapanda Radi nyuma ya Pankras, kwa sababu Stephano alikuwa anasubiri Litembo na njia ya Litembo ni ya kupanda. Kuku wa jirani walitawanyika. Madereva walijipanga pembeni wakawapisha, na Mama Tereza akapiga ishara ya msalaba.

Cleopa alibaki katikati ya ua, pingu mikononi, akiisikiliza Radi inavyopanda kilima. Ilisikika ng'ambo ya soko, ikasikika kwenye mashamba ya kahawa, ikasikika tena juu zaidi. Ilichukua muda mrefu sana kupotea.